Kushindilia tope ni kutwanga maji kinuni: barua ya wazi kwa wasimamizi wa njia za reli

Kwa wakurugenzi wa mashirika ya reli, mameneja wa matengenezo ya njia, wapangaji wa bajeti na wakaguzi wa usalama

Waheshimiwa,

Ripoti zinazofika mezani kwenu kila robo mwaka huhesabu kilomita zilizoshindiliwa, yaani zile ambako mashine imebana kokoto chini ya njia ili kuinyoosha. Zikiongezeka, kazi huonekana imefanyika. Sisi tunaoshughulika na njia tunawaomba mzisome hesabu hizo kwa jicho lingine. Pale kokoto zilipojaa vumbi na tope, kuongezeka kwa kilomita zilizoshindiliwa ni dalili ya ugonjwa, na mara nyingi mashine yenyewe huuzidisha. Ombi letu ni kwamba mpangilio wa kazi ugeuzwe: maji yatolewe kwanza, uchafu upimwe na kuondolewa, ndipo mashine ya kushindilia iitwe.

Tuanze na jiwe lenyewe. Kokoto za reli ni mawe magumu yaliyovunjwa, yenye kona kali, mengi yakiwa na ukubwa wa milimita 25 hadi 60, yaliyotandazwa kwa unene wa sentimita 25 hadi 35 chini ya taruma, yaani gogo la mbao au zege linalobeba reli. Hata zikishindiliwa vizuri, karibu asilimia 40 ya ujazo wake hubaki nafasi tupu. Anayezitazama kwa jicho la fundi wa zege ataziona nafasi hizo kama kasoro. Kwenye reli ndizo zinazofanya kazi: maji hupita humo, chembe zinazomeguka hupata pa kukaa bila kuyatenganisha mawe, na mawe hupata pa kusogea fundi anaponyoosha njia. Nguvu za tabaka hili zinatokana na jiwe kugusa jiwe, kona ya hili ikijikita kwenye pengo la lile. Uzito wa gurudumu hupitia kwenye migusano hiyo ukitawanyika, hadi unapofika kwenye udongo wa tuta uwe umepungua kiasi ambacho udongo unaweza kuustahimili. Migusano hiyo hiyo ndiyo inayolizuia taruma lisiteleze kwenda ubavuni.

Uchafu unatoka wapi? Wengi hujibu haraka kwamba udongo umepanda kutoka chini. Utafiti wa reli za Amerika Kaskazini uliochapishwa mwaka 1994 ulipata picha tofauti: kwa wastani, asilimia 76 ya uchafu ilitokana na kokoto zenyewe kusagika, asilimia 13 ilipanda kutoka tabaka la changarawe lililo chini yake, asilimia 7 iliingia kutoka juu, asilimia 3 ilitoka kwenye udongo wa tuta, na asilimia 1 ilitokana na kuchakaa kwa mataruma. Huo ni wastani, na wastani haumsemei kila mtu. Njia inayobeba makaa ya mawe, au inayopita jangwani, au iliyolazwa juu ya mfinyanzi bila tabaka la kuchuja, itakuwa na mgawanyo wake. Lakini fundisho kubwa linabaki. Anayenunua jiwe laini, au jiwe lililofika likiwa na vumbi lake la machimboni, amenunua tope la miaka ijayo na kulilipia usafiri.

Njia haiharibiki ghafla. Mwanzoni chembe laini hukaa ndani ya nafasi, mawe yanaendelea kugusana, na njia haionyeshi chochote. Kisha nafasi hujaa kabisa: mawe bado yanagusana, lakini maji hayana njia na mashine ya kushindilia haina pa kuyasogeza mawe. Hatua ya mwisho ni pale chembe zinapozidi nafasi. Mawe hutenganishwa, kila moja likielea ndani ya uji kama viazi ndani ya mchuzi mzito. Kuanzia hapo nguvu mliyo nayo ni nguvu ya ule uji, hata kama juu bado mnaona mawe.

Maji ndiyo yanayogeuza uchafu kuwa hatari. Kokoto safi hupitisha mvua upesi kuliko mvua inavyonyesha. Chembe zikiongezeka, kasi ya maji kupita hushuka kwa mamia na hatimaye kwa maelfu ya mara. Hapo taruma hugeuka pampu. Gurudumu linapofika, taruma hubanwa chini. Maji yaliyonaswa hayana pa kwenda, shinikizo lake hupanda, na msuguano kati ya mawe hupungua kwa sababu sehemu ya mzigo sasa inabebwa na maji. Gurudumu likipita, taruma huinuka na kuuvuta uji juu. Treni ya mabehewa 100 yenye ekseli nne kila moja hurudia kitendo hicho mara 400 kwa safari moja. Uji wenyewe una chembe kali kama msasa: hukwangua tako la taruma la zege, hulainisha kona za mawe, na hivyo huzaa chembe nyingine. Ndiyo maana doa la tope likishaanza halihitaji uchafu mpya kutoka nje ili likue.

Kuna ishara moja ya wakati wa kiangazi ambayo hupuuzwa. Vumbi jeupe likionekana kuzunguka ncha za mataruma machache, wakati majirani zake ni masafi, maana yake taruma hizo zinacheza na mawe yanasagika chini yake. Mvua ya kwanza italigeuza vumbi hilo kuwa tope. Fundi anayeliripoti mwezi wa kiangazi amewaokolea kazi kubwa, na tungependa ripoti ya aina hiyo ipewe uzito sawa na ya reli iliyokatika.

Si uchafu wote ulio sawa, na hapa tunaomba subira yenu kwa hesabu kidogo. Chukueni mita moja ya ujazo ya kokoto yenye asilimia 40 ya nafasi. Mawe ndani yake yana uzito wa karibu tani 1.6. Kuzijaza nafasi zote kwa mchanga laini wenye uzito wa tani 1.6 kwa mita ya ujazo kunahitaji kilo 640, yaani karibu asilimia 40 ya uzito wa mawe. Kuzijaza kwa vumbi la makaa ya mawe, lenye uzito wa takriban tani 0.8 kwa mita ya ujazo, kunahitaji kilo 320 tu, asilimia 20. Kwa hiyo maabara inayopima uchafu kwa uzito peke yake inaweza kuwaambia kwamba njia ya makaa ni chafu nusu ya ilivyo. Isitoshe, vumbi la makaa hunyonya maji na kuyashika, na likilowa huteleza mno. Mwezi Mei mwaka 2005, katika njia ya makaa ya bonde la Powder River, jimbo la Wyoming, Marekani, treni mbili za makaa ziliacha reli katika muda wa siku mbili. Vumbi la makaa lililorundikana ndani ya kokoto, pamoja na mvua na theluji nyingi, lilitajwa miongoni mwa sababu kubwa. Baada ya hapo ndipo suala la kunyunyizia dawa ya kugandisha vumbi juu ya makaa ndani ya mabehewa lilipochukuliwa kwa uzito.

Mfinyanzi una hila yake. Ukiwa mkavu hugandamana na mawe hadi tabaka zima likawa gumu kama sakafu. Kipimo cha ugumu kikichukuliwa siku hiyo huleta majibu ya kupendeza, na mkaguzi huondoka ameridhika. Huo ni ugumu wa uongo. Tabaka lililoganda halitawanyi mtikisiko, kwa hiyo mapigo hurudi kwenye reli, klipu na mataruma. Likipasuka hupasuka kwa vipande. Na likilowa hupoteza nguvu zote katika msimu mmoja. Tunashauri vipimo vya njia inayoshukiwa visichukuliwe wakati wa ukame pekee. Ikiwezekana, vichukuliwe pia ndani ya wiki ya kwanza baada ya mvua kubwa.

Sasa tuje kwenye uthabiti wa njia dhidi ya joto, jambo ambalo watu wengi hawalihusishi na tope. Reli ndefu zilizochomelewa hazina nafasi ya kutanuka. Reli ya kilo 60 kwa mita ina eneo la mkato la karibu sentimita 77 za mraba, na kila nyuzi moja ya Selsiasi juu ya joto lililowekwa wakati wa kufungwa huongeza msukumo wa takriban kilonyutoni 18.5 ndani ya reli moja. Joto la reli likipanda nyuzi 30 juu ya hapo, kila reli husukuma kwa kilonyutoni 555, na reli zote mbili kwa zaidi ya kilonyutoni 1,100, sawa na uzito wa tani 113 hivi. Msukumo wote huo unatafuta mahali pa kutokea. Kinachouzuia ni mshiko wa kokoto kwenye sehemu tatu za taruma: chini, ubavuni kati ya taruma na taruma, na kwenye bega nje ya ncha zake.

Uchafu hushambulia sehemu hizo zote. Chini ya taruma linaloning'inia hakuna mgusano, kwa hiyo mshiko wa hapo haupo hadi gurudumu lifike. Kati ya mataruma, uji hauzuii kitu. Kwenye ncha, taruma linalochezacheza huchimba pengo, na pengo la vidole viwili kati ya ncha na bega linatosha kulifanya bega zima liwe pambo. Tena doa la tope huacha kipindo kidogo katika mstari wa njia, na kipindo ndicho mahali ambapo reli yenye joto huanzia kutoka. Kuna madhara ya polepole pia. Pale kokoto zisipoishika njia kwa urefu wake, reli hutambaa, hasa kwenye miteremko na mahali treni zinapofunga breki. Hujibana upande mmoja na kulegea upande mwingine, na joto la kufungwa lililoandikwa kwenye kumbukumbu zenu halilingani tena na lililopo ndani ya chuma. Kumbukumbu inasema nyuzi 30 za ziada. Chuma kinaweza kuwa na 40.

Hatari ya pili ni msokoto, yaani tofauti ya kimo kati ya reli mbili inapobadilika ndani ya umbali mfupi. Behewa refu lisilo na mzigo huwa gumu kujipinda. Gurudumu moja hupungukiwa uzito, na ukingo wake hupanda reli. Tofauti ya milimita 15 ndani ya mita 3 tayari ni jambo la kushughulikiwa. Uingereza, ikifika uwiano wa 1 kwa 90, yaani karibu milimita 33 ndani ya mita 3, njia hufungwa. Doa la tope chini ya reli moja, huku ya pili ikiwa imara, hutengeneza msokoto wa namna hii haraka kuliko ratiba ya gari la kupimia njia. Ubaya wake ni kwamba taruma linaloning'inia hushikiliwa juu na reli yenyewe, hivyo ukipima kwa mkono njia ikiwa tupu utaona kila kitu kimenyooka. Pimeni njia ikiwa na mzigo, au wekeni vipima pengo chini ya mataruma na kuongeza pengo hilo kwenye hesabu ya msokoto.

Hapo ndipo tunarudi kwenye mashine. Mikono ya kushindilia huzama pande mbili za taruma, hutikisika takriban mara 35 kwa sekunde, kisha huyabana mawe kuelekea chini ya taruma. Katika kokoto safi mawe husogea, hujipanga na kushikana. Katika kokoto zilizojaa chembe, mikono hukamua uji tu: taruma huinuliwa, pengo hujazwa tope laini, na baada ya treni chache njia hurudi katika umbo lile lile la zamani, kana kwamba ina kumbukumbu. Wakati huohuo kila mzamo wa mikono huvunja kona za mawe na kuacha chembe mpya. Na kwa siku kadhaa baada ya kushindilia, mshiko wa ubavuni hupungua sana, mara nyingi kwa karibu nusu, hadi treni zipite au mashine ya kutuliza njia ipitishwe. Basi fikirini njia chafu inayoshindiliwa mara nne kwa mwaka: mara nne imesagwa, mara nne imelegezwa, na uji uko palepale.

Dalili ya kuiona bila kuchimba hata shimo moja mnayo tayari kwenye kompyuta zenu. Toeni grafu za gari la kupimia njia, kila kipande cha mita 200, na mtazame jinsi usawa wa wima unavyoharibika kati ya kushindilia na kushindilia. Njia yenye afya hupanda taratibu na kushuka ikifanyiwa kazi, na meno ya grafu huwa mapana. Njia chafu huonyesha meno yanayosongamana: kwanza mwaka, kisha miezi sita, kisha mitatu, na kila mara hairudi kuwa nzuri kama ilivyokuwa. Meno yakishasongamana hivyo, msiagize mashine. Agizeni majembe na sururu.

Kuchimba kwenyewe kuna utaratibu. Shimo liwekwe kati ya mataruma mawili, karibu na reli, maana hapo ndipo mzigo unaposhuka. Sampuli ya katikati ya njia hudanganya. Lichimbwe angalau sentimita 15 chini ya tako la taruma, na moja katika kila matatu lifike hadi kwenye udongo. Tabaka la kati ya mataruma na tabaka la chini ya taruma yawekwe kwenye mifuko tofauti, kwa sababu la juu mara nyingi huonekana safi huku la chini likiwa uji, na ukiyachanganya unapata wastani usiofaa kwa chochote. Kwa mawe ya ukubwa huu, chini ya kilo 50 si sampuli. Mashimo yasifunguliwe reli ikiwa na joto kali, na yafukiwe na kushindiliwa siku hiyohiyo. Tungependekeza matatu kwa kilomita kwenye vipande vinavyoshukiwa, na ya ziada kwenye maingilio ya madaraja, makutano ya barabara na mahali njia zinapogawanyika.

Maabara ikaushe sampuli, iipime, kisha iichekeche kwa matundu ya milimita 22.4, milimita 4.75, na iioshe juu ya milimita 0.075. Kanuni inayotumika sana Ulaya hutazama chekeche la kwanza: zaidi ya asilimia 30 zikipita, usafishaji upangwe, zikikaribia 40, usisubiri. Kipimo kingine cha uchafu, kiitwacho cha Selig, hujumlisha asilimia iliyopita 4.75 na ile iliyopita 0.075. Mathalani, sampuli ya kilo 60 ikipitisha kilo 15 kwenye la 4.75 na kilo 3 kwenye la 0.075, hesabu ni 25 na 5, jumla 30. Chini ya 1 ni safi. 10 hadi 20 ni uchafu wa kati. 20 hadi 40 ni kokoto chafu. Kuanzia 40 ni chafu mno. Chembe za mwisho zimehesabiwa mara mbili kwa makusudi, kwa kuwa ndizo zinazofunga maji. Njia za makaa zipimwe kwa ujazo, kwa sababu tuliyoieleza. Rada ya ardhini inayofungwa kwenye gari husaidia kuunganisha shimo na shimo: antena za gigahezi 1 hadi 2 huona hali ya kokoto, ya megahezi 400 hufika chini zaidi. Lakini rada isiyolinganishwa na mashimo ni picha ya rangi nzuri tu. Msikubali ripoti yake bila mashimo.

Tunafika kwenye kazi yenyewe. Mtaro kwanza. Sakafu ya mtaro lazima iwe chini ya kitako cha tabaka la kokoto, na maji yawe na mahali pa kutokea, si kusimama mwishoni kama bwawa. Tumetaja hili kabla ya mashine yoyote kwa sababu mara nyingi huondolewa kwenye mkataba ili bei ishuke. Kokoto mpya ndani ya bonde lisilo na tundu ni beseni lenye mawe. Mabega nayo yakaguliwe: majani, udongo na taka za usafishaji wa zamani hujenga kingo inayozuia maji yasitoke, na mahali ambapo uchafu bado uko mabegani zaidi, kuyasafisha mabega peke yake hadi chini ya kitako cha taruma huweza kuirudishia njia uhai kwa gharama ndogo. Uji ukishakaa chini ya reli, njia hiyo ya mkato haifai tena.

Kwa usafishaji kamili, mnyororo wa mashine inayozichimba kokoto na kuzichekecha ukate sentimita 25 hadi 30 chini ya taruma na uache sakafu yenye mteremko wa asilimia 4 hadi 5 kuelekea mtaroni. Sakafu ikiachwa na mawimbi, kila bonde la wimbi litakuwa doa la tope. Mfinyanzi uliolowa huziba machekeche na mashine hurudisha uchafu njiani ukiwa umepakwa juu ya mawe. Kazi hiyo ifanywe wakati wa ukavu, au kokoto zote zitolewe. Pangeni mawe mapya mapema. Kilomita moja ikichimbwa mita za ujazo 1.8 kwa kila mita ya njia, ni mita za ujazo 1,800; asilimia 35 ikitupwa, pengo ni 630, yaani mabehewa 16 ya mita za ujazo 40. Mabehewa hayo yasipofika usiku uleule, njia hufunguliwa ikiwa na mabega matupu, na huo ndio wakati mbaya kuliko yote kwa reli kukutana na jua la mchana.

Njia iinuliwe kwa awamu, sentimita 5 hadi 8 kila mara, na ukingo wa juu wa bapa la kushindilia ukae milimita 10 hadi 15 chini ya tako la taruma. Ukizama zaidi haubani kitu, ukiwa juu unavunja taruma. Bega lijazwe sentimita 30 hadi 45 kutoka nchani. Mashine ya kutuliza ipite, au mwendo upunguzwe hadi tani kama 100,000 za treni zipite. Mwisho joto la kufungwa kwa reli lihakikiwe upya, kwa sababu njia iliyoinuliwa na kusogezwa haina tena msongo ule ulioandikwa. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahauliwa zaidi, labda kwa kuwa haionekani kwenye picha za makabidhiano.

Doa moja moja linaweza kuchimbwa kwa mkono. Toeni uji wote hadi penye udongo mgumu, kateni mfereji wa kutokea hadi mtaroni, jazeni mawe mapya, shindilieni. Bila mfereji mmechimba kisima. Mkichimba nafasi nyingi mfululizo, mmelegeza njia; ruka moja, chimba moja, na ile iliyorukwa isubiri hadi ya kwanza itulie. Kisha tazameni juu: mara nyingi doa limeanzia kwenye kiungo kilichodidimia au mchomeleo wenye bonde, ambapo kila gurudumu hupiga nyundo. Msipoinyoosha reli, tope litarudi mahali palepale.

Njia mbili za mkato tunaomba mzikatae kwa maandishi. Ya kwanza ni kumwaga kokoto mpya juu ya chafu na kuinua njia. Macho hufurahi, lakini uji unabaki chini ukinyonya na kutapika, na kila kuinua hupunguza nafasi chini ya madaraja na nyaya za umeme, na kuharibu kimo cha majukwaa. Ya pili ni kulaza jeoteksitaili, yaani kitambaa cha kuchuja, juu ya mfinyanzi na kuamini kimemaliza kazi. Chembe za mfinyanzi ni ndogo kuliko matundu yake. Ama hupita, ama huyaziba na maji hukwama. Juu ya mfinyanzi laini tabaka la mchanga wenye mchanganyiko sahihi wa ukubwa, kama sentimita 10, huchuja vizuri zaidi, na kitambaa kikiwepo kiwe msaidizi wake.

Kinga inaanzia machimboni. Mkataba wa kokoto utaje jaribio la Los Angeles, linalopima jiwe linavyosagika, na kikomo chake, uoshaji kabla ya kupakia, na haki ya kulikataa behewa zima lenye vumbi. Mawe ya chokaa husagika na kufanya uji unaoganda kama saruji. Granaiti na basalti nzuri hustahimili. Mabehewa ya nafaka, saruji na chumvi yanayovuja yazuiwe kwenye kituo cha kupakia. Nafaka huoza na kuota ndani ya kokoto, na chumvi hupitisha umeme na kuifanya saketi ya njia, yaani umeme unaopita relini kutambua treni, ionyeshe treni isiyokuwepo. Mchanga unaomwagwa na injini ili magurudumu yasiteleze nao hujaza kokoto mahali palepale treni zinapoondokea, chini ya ishara na kwenye vilima.

Kwa upande wenu, waheshimiwa, mambo machache yako mikononi mwenu tu. Ripoti ya kila robo ionyeshe muda kati ya kushindilia na kushindilia kwa kila mita 200, badala ya jumla ya kilomita. Kipande ambacho muda huo umepungua kwa nusu kisishindiliwe tena bila matokeo ya mashimo, isipokuwa kwa dharura ya usalama, na hapo mwendo upunguzwe. Fedha za mitaro zitengwe kwenye fungu lake, lisiloweza kuhamishiwa kwenye mashine. Vipindi vya kufunga njia viwe vya saa 6 hadi 8 au zaidi, kwa sababu ndani ya saa 2 mashine ya kusafisha huishia kufunguliwa na kufungwa. Na msimamizi wa njia anayeshusha mwendo kwa sababu ya tope asihesabiwe kama mchelewesha treni kwenye tathmini yake. Takwimu za kuchelewa ziandikwe kwenye fungu la mitaro, ambako zinastahili.

Kabla ya mvua zijazo, chagueni kilomita kumi zilizoshindiliwa mara nyingi kuliko zote katika miaka mitatu iliyopita. Chimbeni mashimo thelathini. Matokeo ya chekeche yawekwe kwenye kikao kilekile kinachojadili mkataba mpya wa kushindilia, kabla haujasainiwa.

Wenu,
Mafundi na wahandisi wa njia ya reli